Ijumaa Yako, Jumapili Yangu

Mama Rukia, jirani yangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ndani ya maji, karatasi juu ya kifuniko cha ndoo. Maji ni ya kwenu. Leo ni Ijumaa. Nitakueleza nilivyofika hapa, maana safari yenyewe haikuwa rahisi, na wewe ulipenda habari ianze mwanzo wake hata kama vitunguu vinazama.

Najua ungesema nini. "Mmbulu wewe, sasa unamwandikia maiti?" Ndiyo, namwandikia. Kwetu sisi marehemu huimbiwa, husomewa historia yake ndefu, huliliwa siku kadhaa, mpaka mfiwa mwenyewe anachoka. Wewe ulizikwa kesho yake tu. Wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki kwenye mikeka uani, na kabla sijaelewa kwamba umekufa walikuwa wamesharudi wananawa mikono. Maneno yangu yalibaki tumboni. Haya ndiyo hayo, yametoka kwa kuchelewa.

Kwanza habari za nyumbani. Kiangazi cha Mang'ola unakijua, mwaka huu kimezidi. Upepo wa ziwani unatumwagia vumbi kila alasiri, lakini chemchemi haijapungua. Vitunguu vimenona. Yule mbuzi wako wa pembe moja amezaa mapacha, na bado anakula kanga zikianikwa. Baba Eliasi, Msabato wetu wa shamba la chini, ameoa. Ndiyo, ameoa, baada ya maneno yote yale ya kwamba hataki mke! Rukia wako hajambo. Mume wake bado yuko safarini na malori, anakuja na kuondoka, na watoto wanakua. Mdogo ana kicheko chako. Akicheka huwa nageuka.

Ngoja nigeuze maji, jaruba hili la vitunguu limejaa.

Nimerudi. Nimevuja jasho kidogo tu, usinicheke.

Unakumbuka tulivyoanza? Kamati ya maji ilipanga zamu upya, kila shamba likapewa siku yake moja kwa juma. Wewe ukaangukia Ijumaa, mimi Jumapili, Baba Eliasi Jumamosi. Mtu angekaa chini makusudi kutuudhi wote watatu asingepanga vizuri zaidi. Na zamu ya maji haina udhuru: lazima mtu asimame pale tangu asubuhi, afungue jaruba hili, azibe lile, maana ukigeuka kidogo tuta linabomoka na maji yako yanakwenda kwa jirani, nawe unasubiri juma zima vitunguu vikinyauka. Nilikuwa nimeshaanza kulia moyoni. Ukaja mlangoni kwangu, jembe begani, hata hodi hukupiga vizuri. "Mama Daniel, mimi Ijumaa nina swala na darsa. Wewe Jumapili una kanisa. Nishikie maji yangu, nikushikie yako." Ikawa hivyo. Jumamosi ya Baba Eliasi tukagawana, akatulipa kwa mahubiri.

Miaka yote ile sikukosa ibada kwa ajili ya maji. Nilivaa gauni langu, nikapita ukingoni na Biblia kwapani, wewe ukiwa umefunga kanga kiunoni, tope magotini, unanipigia kelele: "Niombee na mimi, lakini usitaje jina, malaika asije akaniandika vibaya!" Nikirudi nakukuta unaimba nyimbo za kwaya yetu zilizokufikia kwa kipaza sauti. Nikikushika, unakana. "Naimba mdundo, maneno siyajui." Maneno uliyajua yote, Mama Rukia. Hata ubeti wa tatu, ambao soprano wetu wanaubabaisha mpaka leo.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mhadhara uwanja wa mpira. Walikuja wahubiri wa pande zote mbili, vipaza sauti, meza, vitabu vimepangwa, watu wakajaa kama siku ya mnada. Huyu anasoma kitabu cha yule, yule anasoma cha huyu, kila mmoja anamtafutia mwenzake kosa, na watu wanashangilia. Tulikaa mpaka jua likashuka. Sikumwona mtu aliyeondoka pale amempenda Mungu zaidi. Njiani kurudi, mimi kwa kutaka kuponya nikasema lile neno ambalo kila mtu mpole hulisema, kwamba Mungu ni mmoja, njia tu ndizo nyingi. Ukasimama. Ukatua ndoo chini.

"Usinidanganye, Mama Daniel. Mimi nasema Isa ni nabii. Wewe unasema ni Mwana wa Mungu. Hayo si mamoja. Ningeona ni mamoja ningekuwa nimeshakula kitimoto, ule nguruwe wenu wa harusi ya Daniel. Mmoja wetu amekosea, na vitunguu havijui ni nani. Twende, giza linaingia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye usiku sikucheka. Nilikuwa nimezoea watu wa aina mbili: wanaokupigia kelele kwamba umepotea, na wanaokubembeleza kwamba hakuna anayepotea. Wewe hukuwa huko wala huko. Uliniambia waziwazi kwamba unaona nimekosea, kisha Jumapili ukaingia kwenye tope kunishikia maji nikakosee vizuri.

Ukaumwa. Ndugu zako walikuwa Kondoa, na fimbo ya mbali haiui nyoka, basi nikakupeleka mimi, Rukia akabaki na watoto. Tulipanda hadi Karatu kwa gari la vitunguu, wewe umekaa mbele, mimi nimekushika bega. Ile baridi ya juu ikatupokea. Ukajifunika kanga zote mbili, meno yanagongana, ukaniambia, "Kwa baridi hii ndiyo maana nyie Wambulu hamuogopi moto." Nikakupiga kofi la mkononi. Mzaha wako wa mwisho huo. Hospitalini presha ilikuwa imeshafanya kazi yake, na ukaenda asubuhi, taratibu, mkono wako ndani ya wangu.

Baada ya maziko akaja mwenzangu mmoja wa jumuiya. Mtu mwema, simsemi vibaya, alinibebea uji kwenye chupa na kunifulia nguo. Alikaa nami, akanishika goti, akasema, "Pole, Mama Daniel. Inauma zaidi kwa sababu alikwenda bila kumjua Bwana."

Sentensi ile, jirani yangu, nilikuwa nimeiamini maisha yangu yote. Nimewafundisha watoto wa kipaimara hivyohivyo! Ila ilikuwa inahusu watu fulani, wa mbali, wasio na sura. Sasa ikawa na sura yako. Ikawa na kanga yako na meno yako yanayogongana kwa baridi. Nikakumbuka ule mzaha wa moto na haukunichekesha tena.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani na Sala ya Bwana nikaiacha katikati. Nikajiuliza: kama Mama Rukia yuko motoni, mimi huko mbinguni nitaimba nini? Na kama hayuko motoni, basi baba yangu alihangaika bure. Baba alikuwa mwinjilisti, unajua, alitembea kwa miguu hadi Endulen kuhubiri kwa wafugaji, ndala zikamwishia njiani. Huyo huyo baba alimkataza mama yake mzazi kuomba asubuhi. Bibi yangu alikuwa akitoka nje jua likichomoza, anamwita Mungu Looa kama wazee wetu walivyomwita, anamwita kama mtu anavyomwita mama yake, anaombea ng'ombe, wajukuu, na hata majirani. Baba akamwambia huo ni upotovu. Bibi akanyamaza. Alibatizwa, akawa mtu wa kanisa, lakini alfajiri bado alitoka nje na kusimama kimya tu. Nilikuwa mtoto, sikuuliza. Sasa nikawa na bibi upande huu, wewe upande ule, na baba katikati na Biblia yake, na wote watatu niliwapenda. Nani aliujua ukweli? Kila nikijibu, namzika mmoja wao mara ya pili.

Basi nikaacha kwenda kanisani. Sikutangaza. Nilikaa tu.

Jumapili ya kwanza ya kukaa nikachukua jembe nikaenda shambani mapema. Nilijiambia, kwanza mwenye kunishikia maji amekufa, udhuru ninao. Nikafika, nikakuta maji yangu yanatembea vizuri kwenye majaruba. Rukia yuko ndani, kanga imefungwa kiunoni kama yako, tope mpaka magotini. Akaniangalia, akaangalia jembe.

"Shikamoo mama mdogo. Huendi ibada?"

"Marahaba. Siendi. Toka huko, nitajimwagilia mwenyewe."

"Mama alisema Jumapili yako isiguswe."

Nikamwambia sina tena haja na Jumapili, nimeachana nayo. Nilitaka ashtuke. Wala. Akaziba jaruba, akafungua lingine, akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Hayo utaongea na Mungu wako. Mimi nimetumwa maji."

Umemzaa mwenyewe, Mama Rukia. Nikabaki nimekaa ukingoni na jembe langu halina kazi, kengele ya kanisa ikilia, wapita njia wakinisalimia na Biblia zao. Aibu niliyoipata siku ile! Jumapili iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Nikichelewa namkuta, nikiwahi amewahi zaidi. Ikafika mahali nikavaa gauni la kanisani kwa ajili ya kukwepa macho ya mwanao, si kwa ajili ya Mungu. Nakuambia ukweli kama ulivyokuwa ukitaka.

Kabla ya kurudi kanisani nilikwenda kwa mchungaji. Huyu wetu mpya ni kijana, nilimkuta anahangaika na mnyororo wa pikipiki, mikono imejaa grisi. Nikamuuliza hapohapo, nimesimama: Mama Rukia yuko wapi? Nilijiandaa kugombana naye kwa jibu lolote atakalotoa. Akakaa chini kwenye jiwe. Alikufahamu, ulimpa vitunguu siku alipohamia. "Mama," akasema, "chuoni swali hilo nilijibu ukurasa mzima na nikapata alama nzuri. Leo sijui. Ninachojua ni kwamba hakimu wake si mimi, na huyo hakimu ni yule yule aliyenipenda mimi nilivyokuwa. Namwamini yeye kuliko ninavyoyaamini majibu yangu." Kisha akaniomba nimshikie tairi.

Halikuwa jibu. Lakini nilitembea kurudi nyumbani nikipumua. Mtu anayejua kila kitu asingenisaidia siku ile, wala anayesema hakuna cha kujua. Alinisaidia mtu asiyejua ambaye bado anaamini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe.

Nikarudi kanisani, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mgeni. Kwaya ikaimba, ule wimbo wako wa ubeti wa tatu. Sikuweza kuimba. Nikafumba macho, nikasema sala yangu ya kwanza baada ya muda mrefu, na haikuwa sala nzuri. Nilisema, "Bwana, kama upo na kama ni kweli, nionyeshe kitu. Chochote." Nikangoja. Nilitegemea labda amani, labda machozi. Badala yake likanijia neno moja, kavu kabisa, kama mtu aliyenigonga begani.

Ijumaa.

Nikafumbua macho. Ijumaa! Mama Rukia, tangu ulipokufa, nani alikuwa anamshikia Rukia maji siku ya Ijumaa? Mume yuko barabarani. Baba Eliasi ana mke mpya. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani na maswali yangu makubwa, nautafuta ukweli, nalia kwamba sijui uko wapi. Na mwanao kila Ijumaa alikuwa amesimama kwenye tope peke yake, adhana inampita, swala inampita, halafu Jumapili anakuja kunilindia ibada ambayo hata siiendei. Na hakusema neno.

Nilitoka kabla ya sadaka. Wazee wa kanisa wakadhani naumwa tumbo. Nilishika njia ya shamba na gauni langu na viatu vya ibada, nikamkuta Rukia, na viatu vikaingia topeni hivyohivyo.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu Ijumaa?"

Akaosha jembe, akalitua. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nilidhani dini yako imekukataza, mama mdogo. Ulipoacha kuja, nikasema labda wamekuambia usitushikie tena, sisi si watu wenu."

Nimesikia maneno mengi magumu tangu ufe, lakini hilo lilinikalia kifuani kama mawe. Tulikumbatiana pale, tope kwa tope, tukakulilia vizuri sasa, kwa sauti, bila haraka, kama Wambulu. Maji yakabomoa tuta yakaenda kwa Baba Eliasi. Mwache anufaike, ana harusi ya kulipia.

Ndiyo maana leo niko hapa. Nilikuja asubuhi, nikamnyang'anya jembe, nikamwambia, "Ijumaa ya mama yako isiguswe." Alivaa ile kanga yako ya kijani, akaenda. Nilimwangalia mpaka akapotea nyuma ya migomba.

Usidhani nimefanya hivyo kwa wepesi. Nilipobaki peke yangu nilijiuliza sana. Mimi namkiri Kristo. Nimewabatiza wanangu wote. Iweje nisimame kwenye maji ili mtoto wa watu aende akasali sala inayosema huyo ninayemkiri si Mwana? Je, nimemsaliti? Nikalima nikiwaza hivyo, nikaziba jaruba nikiwaza hivyo. Na sikusikia karipio lolote. Badala yake nikaona jinsi yeye mwenyewe alivyoishi: alikaa mezani na watu waliokosea, akashika waliokuwa hawashikwi, akaosha miguu ya waliokuwa hawamwelewi, na mmoja wao alikuwa hata hampendi. Hakungoja wakubaliane naye ndipo achukue beseni. Mimi nilikuwa nadhani nikikushikia maji naweka imani yangu kando kidogo kwa ajili ya ujirani. Leo naona pengine hapo ndipo nilipokuwa Mkristo kuliko kwenye benchi.

Sijui yote, jirani. Bado nina mashaka. Usiku mwingine yanakuja yote pamoja, na bibi yangu amesimama nje alfajiri, na baba na ndala zake zilizokatika. Lakini siyaogopi tena kama mwanzo. Nilidhani imani ni kuwa na jibu la kumfunga mtu mdomo, kama pale uwanjani. Wewe ulikuwa na yako, imara, na hukunifunga mdomo hata mara moja. Nataka kushika yangu hivyo. Nitaendelea kusema Yesu ni Bwana, kwa sauti, bila kuipunguza ili nipendwe. Na nitaendelea kuutafuta ukweli, maana kama ni ukweli kweli hautaniogopa mimi na maswali yangu.

Sala ya Bwana imerudi. Leo asubuhi, hapahapa majini, nimeimaliza yote.

Jua limeshapita utosini, darsa litakuwa limekwisha. Namwona Rukia kwa mbali anarudi, kanga yako inapepea, anatembea kama wewe kabisa, ule mguu wa kushoto unatangulia kwa haraka. Nitamaliza kabla hajafika, maana akinikuta naandika maji yakibomoa tuta nitasikia maneno.

Lala salama, Mama Rukia. Nakuahidi hivi: Jumapili zangu nitakwenda, mwanao hatanikuta tena na jembe. Na Ijumaa zake hazitaguswa, nikiwa na nguvu za kusimama. Nikiishiwa nguvu nimeshamwagiza Daniel. Mmoja wetu amekosea, ulisema kweli. Siku tutakapojulishwa ni nani, naomba aliyepatia asimame mbele ya Mungu, amtafute mwenzake kwa macho, aseme, "Huyu alinishikia maji."

Kama ni mimi, nitalisema neno hilo. Najua nawe, kama ni wewe, umeshalisema.

Jirani yako,
Mama Daniel